Msimu Mitego Ilipobaki Msumarini

10 Septemba

Bibo la kwanza la mkorosho limeanguka leo asubuhi, nami nimefungua daftari jipya. Nafanya hivi kila msimu wa korosho tangu nilipostaafu. Nilifundisha sayansi miaka thelathini na minne, na aliyezoea kuandika ubaoni haachi kuandika kwa sababu ubao umebaki shuleni.

Nyumba ni ile ile, njia ya kwenda Mnazi Bay. Tuko wawili: mimi na wifi yangu Mwanahawa, mdogo wa marehemu mume wangu Jafari. Yeye ana miaka sitini na sita na ugonjwa wa sukari. Mimi nina sabini na moja na ugonjwa wa kueleza. Maneno hayo ni yake.

13 Septemba

Tumefagia chini ya mikorosho. Upepo mkali. Mgongo.

16 Septemba

Filipo amefika, na begi lake na mitego yake sita. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili anakuja kutusaidia kuokota, na kila mwaka analala kwenye chumba kidogo kilichoungana na ghala. Ni Mmakonde wa ng'ambo ya mto Ruvuma, na M yetu mdomoni mwake mara nyingi ni N. Kijiji chake hakina watu tangu vurugu zilipoanza huko. Msimu ukiisha huwa anakaa hapa na pale kwa watu, lakini akisema "nyumbani" anamaanisha chumba hiki chenye dirisha moja.

Ukoo wake na ukoo wa Jafari ni watani. Wajukuu wangu wakisoma daftari hili siku moja, wajue kwamba utani si mzaha mtupu. Mtani ana ruhusa ya kukutania hata msibani, na akikukuta na kosa hukamata kitu chako mpaka ukikomboe. Siku ya kumzika Jafari, Filipo alishuka kaburini akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe kofia ya marehemu. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Kofia hiyo ndiyo aliyoivaa leo.

"Nwalimu, bado hujafa?"

"Nakungoja wewe utangulie, ukanitandikie."

"Kitanda kimoja kitatutosha. Na huyu nke wangu ndogo, mbona kanuna?"

"Astaghfirullah," akasema Mwanahawa, akaingia jikoni. Lakini nilimwona akiongeza kikombe kwenye sinia.

20 Septemba

Jambo la mitego limeanza tena.

Kwetu huku panya wa shambani huitwa samaki nchanga, yaani samaki wa mchangani. Wako wanaomla na wako wasiomla, na wengine humla kimya kimya huku wakimcheka anayekula hadharani. Filipo hula hadharani. Hutega ghalani na kwenye mihogo, huchoma manyoya nje kabisa ya uzio, hukausha moshini. Mwanahawa hamtaji mnyama huyo kwa jina lolote. Husema "kile kitu."

Leo ameweka sharti. "Wifi, mimi sasa mgonjwa. Siwezi kuswali huku upande wa pili wa ukuta mtu anatega vile vitu. Ama mitego, ama mimi."

Nilitafuta njia ya katikati, nikaona nimeipata. Nilimwomba Filipo abaki, lakini mitego ipumzike msimu huu. Alinitazama kidogo, kisha akaitundika yote sita kwenye msumari nyuma ya mlango wa ghala.

"Sawa, Nwalimu. Ila panya wa ndani usimuue bila kumwona maiti yake."

Nilicheka. Nilidhani ni msemo tu wa wawindaji.

29 Septemba

Magunia kumi na moja. Gari la chama cha msingi cha wakulima halijaja, kwa hiyo korosho zimelala kwetu.

5 Oktoba

Mbio darini. Mwanzo nilidhani upepo, lakini upepo haugeuki kona. Panya hapendi korosho yenye ganda, maana mafuta ya ganda humchoma mdomo kama yanavyotuchoma sisi vidole. Anafuata makopa ya muhogo tuliyoyaweka ghalani, halafu nyuzi za magunia anazifanya godoro. Ghala likijaa, anapanda juu ya silingibodi, juu ya vitanda vyetu.

12 Oktoba

Nimenunua sumu ya panya mjini, nimeweka darini pakiti nne. Nimeandika kila kona niliyoweka, ili nisisahau.

15 Oktoba

Kimya darini. Nimejisifu mezani. Mwanahawa amenipa kipande kikubwa cha samaki, samaki wa baharini.

16 Oktoba

Harufu kidogo. Itakwisha.

19 Oktoba

Tunajikuna. Mimi kiunoni, pale kanga inapobana, na kwenye vifundo vya mikono. Mwanahawa kiunoni, chini ya matiti na miguuni. Ni vipele vidogo vyekundu, vingine vimepangana vitatu vitatu. Nimedhani ni mafuta ya korosho. Lakini mafuta ya korosho hubabua ngozi ya vidole, hayapandi kiunoni. Salfa ya kupulizia mikorosho? Tulimaliza kupuliza tangu Agosti.

22 Oktoba

Hatulali vizuri. Mwanahawa amejikuna kifundo cha mguu mpaka ametoa damu. Kwa mwenye sukari kidonda cha mguuni si mchezo. Nimemwosha, nimemfunga kitambaa safi, nimemkata kucha kama mtoto. Alinitazama nikikata, akasema, "Ulimkata Jafari hivi hivi siku zake za mwisho."

25 Oktoba

Zahanati. Muuguzi wetu, binti mmoja anaitwa Pendo, ametuangalia kwa makini na kutupa dawa ya upele ya kujipaka mwili mzima kuanzia shingoni. Amefunga kidonda cha wifi na kunivuta pembeni.

"Mwalimu, hiki nakitaka hapa kila baada ya siku mbili. Kisipofunga, nawaandikia muende mjini, hospitali ya Ligula."

Upele huambukizwa kutoka mtu kwa mtu. Hilo tulilibeba nyumbani sote wawili, bila kulisema.

28 Oktoba

Tumejipaka, tumechemsha mashuka. Hakuna nafuu.

30 Oktoba

Mwanahawa amelisema. "Upele hautoki hewani, wifi. Nani mgeni hapa? Nani anashika vile vitu kwa mikono?"

"Filipo hajikuni."

"Basi ndiyo maana! Mwenye nao umeshamzoea."

Nilipaswa kumjibu. Mtu wa sayansi alipaswa kumuuliza: ikiwa Filipo ndiye chanzo, mbona miaka ishirini na mbili ngozi zetu zilikuwa salama? Sikumuuliza. Niliuangalia ule mguu na nikaogopa.

2 Novemba

Niandike ukweli, kwa kuwa hili daftari halina mwingine wa kulisahihisha.

Nilikwenda kwenye chumba cha Filipo baada ya alasiri. Alikuwa anashona gunia lililopasuka. Nilimwambia wifi ni mgonjwa na mguu hauponi. Nilimwambia watu wanasema ni upele, na ingefaa akae kibandani shambani kwa muda. Nilisema "watu wanasema." Watu hao walikuwa wawili, na mmoja ni mimi.

Nilingoja anitanie. Aseme Nwalimu amempata bwana mwingine, aseme lolote. Alikata uzi kwa meno.

"Ndiyo, Mwalimu," akasema.

Alilitamka vizuri kabisa, kwa sauti ya mtu anayeongea na ofisa. Miaka ishirini na mbili sijamsikia akilitamka hivyo.

Nimekubali aondoke. Mimi ndiye niliyekubali.

3 Novemba

Ameondoka kabla hatujaamka. Chumba kimefagiwa. Kwenye msumari nyuma ya mlango wa ghala kuna mitego sita, na juu yake kofia ya Jafari.

Mtani hukamata kitu chako. Sijapata kusikia mtani akirudisha.

6 Novemba

Tunaumwa zaidi kuliko mwanzo.

8 Novemba

Pendo hafurahii kidonda. Ametoa siku nne. Bajaji ilipotushusha nyumbani Mwanahawa akasema, "Ameshaondoka, mbona hauishi?" Hakuwa ananiuliza mimi.

9 Novemba

Leo nimefanya nilichopaswa kufanya wiki tatu zilizopita. Nimeangalia.

Nilianza na swali la darasa la sita: vipele viko wapi, na haviko wapi? Wadudu wa upele huchimba ngozi, na hupenda katikati ya vidole. Katikati ya vidole vyetu hakuna kitu. Kwa hiyo kinachotuuma hakikai mwilini. Kinakuja, kinauma, kinaondoka. Kinatoka wapi?

Nilichukua gundi ya karatasi, ile ya utepe unaopitisha mwanga, nikaibandika na kuibandua kwenye mishono ya magodoro, kwenye kichwa cha kitanda, na ukutani pale silingibodi inapokutana na ukuta. Nikaenda nayo barazani kwenye jua, nikatoa lenzi niliyopewa na darasa langu la mwisho.

Kwenye utepe wa godoro kulikuwa na vitone vinne. Kwenye ule wa ukutani sikuweza kuhesabu. Vingine vilikuwa vyeupe kama vumbi, vingine vyekundu vimejaa, na viwili vilikuwa bado vinachezesha miguu. Nilihesabu miguu minane. Utitiri.

"Wifi, njoo uone."

Alikuja akichechemea, akainama kwenye lenzi. "Huu si utitiri wa kuku? Sisi hatufugi kuku."

"Hatufugi kuku. Tumefuga panya."

Nikamweleza. Utitiri huu huishi kwenye kiota cha panya na kunywa damu yake. Mtu si chakula unachokipenda. Lakini mwenyeji wake akifa, mwili ukapoa, hauna pa kula, unashuka. Unashuka ukutani, unaingia kwenye mishono ya godoro, unatafuta pale nguo inapobana.

"Na nani kawaua hao panya?" akauliza.

Nilifungua daftari hili. Tarehe 12, sumu. Tarehe 15, nimejisifu. Tarehe 16, harufu. Tarehe 19, tunajikuna. Niliandika yote kwa mkono wangu na sikuyasoma. Nikarudi nyuma zaidi, mpaka tarehe 20 Septemba, kwenye maneno niliyoyacheka: panya wa ndani usimuue bila kumwona maiti yake.

Mwanahawa hajui kusoma haraka, lakini alifuata kidole changu mpaka mwisho wa mstari.

"Alikuwa anatulinda na ile mitego," akasema.

"Alikuwa anatafuta kitoweo."

"Wifi, acha kueleza. Kamlete."

10 Novemba

Nimekwenda kibandani shambani na kofia mkobani. Hayupo. Waokotaji wa shamba la jirani wameniambia alilala siku tano, kisha akaenda Kilambo, kivukoni. Amesema anarudi kwao.

Kwao hakuna mtu.

11 Novemba

Nimerudi jioni hii. Mgongo bado unauma kwa mtikisiko wa bajaji, lakini nitaandika yote.

Mimi na dereva tulifika Kilambo kabla ya adhuhuri. Mto ulikuwa mpana na wa rangi ya chai ya maziwa, na kivuko kilikuwa kimekwama siku ya tatu kwenye fungu la mchanga kikisubiri maji yajae. Namshukuru Mungu kwa fungu lile. Filipo alikuwa amekaa juu ya begi lake, kichwa wazi, amewapa mgongo watu wote.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu nyumbani. Lakini mtani haombwi radhi. Ukimwomba radhi umemfanya mtu baki. Kwa hiyo nilisimama nyuma yake nikasema, "Wewe mla panya, nani kakuruhusu kuondoka bila kulipa faini?"

Hakugeuka. Mabega yake yalisimama.

"Faini ya nini?"

"Ya kurudisha kofia. Mtani harudishi alichokamata. Umevunja mila."

"Mila umevunja wewe," akasema, bado anautazama mto. "Ntani hafukuzwi kwa adabu. Ungenitukana ningekaa. Ulikuja na maneno ya ofisini, 'watu wanasema.' Nikajua huyu hanitaki."

Nilikaa chini mchangani kando yake. Kwa umri wangu kukaa chini ni kazi, na kuinuka ni mradi. Nikatoa daftari nikamsomea. Yeye hakusoma shule, lakini anajua kusikiliza kuliko wanafunzi wangu wengi. Nilisoma tarehe 12, na 15, na ile 30 Oktoba ambayo sikumjibu wifi. Nilisoma tarehe 2 Novemba yote. Nilipofika "watu hao walikuwa wawili, na mmoja ni mimi," nilivua miwani nikafuta macho. Akangoja. Nikamaliza.

Alichukua kijiti akachora mchangani kitu kama mnyama.

"Nwalimu," akasema, na kusikia ile N nusura nilie tena, "ukinasa samaki nchanga, unamshika nkia tu. Unamtia moto wakati bado wa moto. Ukichelewa, akapoa, wadudu wanapanda nkono wako. Baba alinionyesha nikiwa ndogo. Panya akifa, wadudu wake hawafi naye, wanahama. Na kiota huachi, unachoma. Wewe umeua wenye nyumba, umewaachia wapangaji."

"Kwa nini hukunieleza hivyo tangu mwanzo?"

"Nilikueleza. Ukacheka."

"Ungerudia."

"Wewe ndiye nwalimu. Mimi nikirudia utasema nini?" Kisha akauliza, "Nguu wa nke wangu ndogo?"

"Haujafunga. Yeye ndiye aliyenituma."

Sasa aligeuka. "Mwanahawa? Kakutuma kwangu?"

"Alisema kamlete. Neno moja tu. Hakuniacha hata nieleze."

Hapo alicheka, kile kicheko chake kinachoanza puani, mpaka mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa akatugeukia. Nikampa kofia. Aliikung'uta mchanga usiokuwapo, akaivaa.

"Faini yako kubwa," akasema.

"Itaje."

"Nitaitaja nikishiba."

Akanivuta mkono nikasimama. Ilibidi avute mara mbili.

12 Novemba

Kazi. Mwanahawa tumempeleka kwa Pendo asubuhi, kisha akashinda kwa jirani. Nimempelekea Pendo ule utepe, ameutazama kwa lenzi na kusema, "Mwalimu, hii kwangu ni mara ya kwanza." Ametubadilishia dawa: ya kutuliza muwasho tu, na ya kidonda; safari ya Ligula ameiahirisha. Alitaka kubaki na utepe. Nimempa.

Filipo alijifunga shati puani, akavaa glavu, akabandua mbao mbili za silingibodi. Viota vitatu na mizoga saba. Alivimwagia maji ya sabuni kwanza ili utitiri usiruke na vumbi, akavifunga ndani ya mifuko, akavichoma nje ya uzio. Makopa tumeyatia kwenye pipa lenye mfuniko.

13 Novemba

Magodoro juani. Mashuka kwenye maji ya moto. Filipo ameziba matundu kwa wavu wa chuma na saruji, na kutia dawa ya utitiri kwenye nyufa. Tumelala barazani, sote watatu na vyandarua vitatu. Anakoroma kama mashine ya kukoboa.

17 Novemba

Vipele vipya viwili tu. Nimevizungushia kalamu ili nisivichanganye na vya zamani.

21 Novemba

Hakuna kipya. Gari la chama limekuja, magunia yote yameondoka. Ghala linatoa mwangwi.

24 Novemba

Pendo amekifungua kitambaa, akatabasamu kabla ya kusema. Kidonda kinafunga kutoka pembeni. Wifi amemwita "mwanangu" na kumpa mabibo.

27 Novemba

Filipo ametaja faini. Alingoja tumemaliza kula.

"Nwalimu, faini yako: mitego inatoka nsumarini, inarudi ghalani. Misimu yote, mpaka nife. Na nikifa utatega wewe."

"Nimekubali."

"Na huyu," akamwelekeza kidole Mwanahawa, "naye ana faini."

Mwanahawa hakuinua macho. Aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na sufuria yake ya kati, ile yenye mfuniko, ambayo hata mimi huiomba kwa adabu. Akaiweka mbele ya Filipo kwa kishindo.

"Chukua. Upikie hivyo vitu vyako. Na usinirudishie, maana siipikii tena."

"Nke wangu ndogo amenipa jiko!"

"Nimekupa sufuria, mzee mwendawazimu. Jiko utafute kwenu."

"Kwetu ni hapa," akasema Filipo.

Mwanahawa alikusanya vyombo. "Basi utafute hapa," akajibu, akaenda zake.

3 Desemba

Mawingu upande wa bahari. Korosho za mwisho, nusu gunia. Msimu umekwisha. Filipo hajafunga begi, na hakuna aliyemuuliza.

6 Desemba

Mvua ya kwanza, saa nne asubuhi, ndogo lakini ya kweli. Sote tulikuwa barazani. Mimi nilikuwa nimeanza kueleza kwa nini harufu ya ardhi hupanda mvua inapoanza, na Filipo alijifanya amelala, kofia imemfunika macho. Mwanahawa alikuwa ghalani akiangalia kama panavuja. Anatembea bila kuchechemea sasa.

Tukasikia mtego ukifyatuka.

Nilimwona Mwanahawa akitokea mlangoni, kanga ameishika juu ya vifundo vya miguu, uso ameugeuzia ukutani asione. Nilidhani ataniita mimi. Akavuta pumzi, akapaza sauti kuishinda mvua:

"Mtani! Amka, samaki wako nchanga amenasa! Njoo umtoe kabla hajapoa!"